Lord John Russell: fundi aliyejifungia nje

Usiku wa tarehe 18 Juni 1866 wabunge wa Uingereza walipigia kura kifungu ambacho ukikisoma leo unaweza kusinzia. Swali lilikuwa hili: mpangaji wa mjini apewe haki ya kupiga kura kwa kuangalia kodi anayomlipa mwenye nyumba, au kwa thamani ya nyumba iliyoandikwa katika daftari la ushuru? Serikali ilitaka kodi. Lord Dunkellin, ambaye alikaa upande wa serikali hiyohiyo, alitaka daftari, maana thamani ya daftarini huwa chini ya kodi halisi, na kwa hesabu hiyo wapangaji wengi wa kipato kidogo wangebaki nje. Dunkellin akashinda kwa kura 315 dhidi ya 304. Siku chache baadaye Waziri Mkuu, mzee wa miaka 73, akajiuzulu, na hakurudi tena serikalini.

Mzee huyo ni John Russell. Miaka 35 kabla ya hapo ndiye aliyesimama kusoma mswada uliobadilisha bunge la Uingereza kuliko mswada wowote uliotangulia. Ameangushwa na nini, tena katika fani yake mwenyewe? Jibu la haraka ni kwamba alizeeka na zama zikampita. Silikubali jibu hilo. Mwaka mmoja tu baadaye bunge lilelile, wabunge walewale, lilipitisha mageuzi makubwa kuliko aliyoyaomba yeye, na aliyeyapitisha alikuwa mpinzani wake. Kwa hiyo zama zilikuwa tayari. Tatizo la Russell lilikuwa nyumba yenyewe, yaani bunge, na nyumba ile aliichora mwenyewe.

Mtoto wa tatu

Alizaliwa London mwaka 1792, mtoto njiti, akabaki mdogo wa umbo maisha yake yote. Hakufika futi tano na nusu, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Baba yake baadaye alikuja kuwa Duke wa sita wa Bedford. Utajiri wa ukoo ulitoka kwa watawa: karne ya 16, nyumba za kitawa zilipovunjwa, Warussell walipata ardhi ya abasia ya Tavistock, ya Woburn, na kile kiwanja kilichokuwa bustani ya watawa katikati ya London, Covent Garden. Ukoo ulikuwa pia na shahidi wake. William Russell alikatwa kichwa mwaka 1683 kwa kushirikishwa na njama dhidi ya Mfalme Charles II, na Lord John aliandika kitabu cha maisha yake akiwa bado kijana.

Mtu aliyelelewa na hadithi hiyo huamini jambo moja: uhuru wa raia unalindwa na familia kubwa zenye mali ya kutosha kumwambia mfalme hapana. Ndiyo iliyokuwa imani ya chama chake, Whig. Mageuzi kwao yalikuwa kitu cha kutoa mapema, kwa mkono wako, ukiwa bado na nguvu ya kuchagua kiasi.

Mtoto wa tatu harithi kitu. Alichopewa ni kiti. Mwaka 1813, kabla hajatimiza miaka 21, aliingia bungeni kwa jimbo la Tavistock, mji uliokuwa mfukoni mwa baba yake. Tuuweke akilini mji huu.

Tangu 1819 alianza kudai mageuzi ya uwakilishi, akishindwa mwaka hata mwaka, ila mwaka 1821 alifanikiwa kukifuta kijimbo kimoja kilichokithiri kwa rushwa, Grampound. Mwaka 1828 hoja yake ya kufuta sheria zilizowazuia Waprotestanti wasio wa Kanisa la Anglikana kushika nyadhifa za umma ilipita kwa kura 237 dhidi ya 193. Huo ndio ushindi uliompa jina.

Jioni ya orodha

Tarehe 1 Machi 1831. Bunge la chini lilikuwa bado linakutana katika kanisa dogo la zamani la St Stephen, ambalo halikuweza kuwaketisha wabunge wote 658. Russell hakuwa hata ndani ya baraza la mawaziri, alikuwa mlipaji mkuu wa majeshi tu. Lakini alikuwa mmoja wa watu wanne walioandaa mswada kwa siri, na Waziri Mkuu Grey, mwenyewe akiwa bunge la juu, akampa yeye kazi ya kuuwasilisha.

Akaanza taratibu. Akamchora mgeni aliyetoka mbali kuja kulitazama taifa linalosifika kwa uhuru wake. Mgeni anaomba kuonyeshwa wawakilishi wanapatikanaje. Anapelekwa kwenye kichuguu cha majani, anaambiwa hiki hutuma wabunge wawili. Anapelekwa kwenye ukuta wa mawe, kisha kwenye bustani isiyo na nyumba, anaambiwa navyo hutuma wawili wawili. Halafu anafika kwenye miji mikubwa yenye viwanda na maelfu ya watu, anaambiwa huku hakuna mbunge. Kichuguu hakikuwa mfano wa kutunga. Old Sarum ilikuwa kilima kisicho na mkazi na ilikuwa na wabunge wawili, wakati Manchester, Birmingham na Leeds hazikuwa na hata mmoja. Sisi tuna watumishi hewa. Wao walikuwa na majimbo hewa.

Kisha akatoa orodha. Majimbo 60 yangefutwa kabisa na mengine 47 yangepoteza mbunge mmoja mmoja. Akaanza kuyasoma, jina baada ya jina, kwa ile sauti yake nyembamba. Upande wa Tory, chama pinzani cha wahafidhina, wakaanza kucheka. Fikiria uko ofisini, mtu anasimama kusoma majina ya wanaopunguzwa kazi, na wewe umo chumbani. Wabunge walisikia majimbo yao yakitajwa na jirani zao wakipiga vifijo vya kejeli. Walicheka kwa kuwa waliona ni kichekesho: hakuna bunge litakalojikata viungo namna hii. Naamini wangeitisha kura usiku uleule mswada ungekufa. Hawakuitisha. Tarehe 22 Machi uliposomwa mara ya pili, ulipita kwa 302 dhidi ya 301.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapita mbio. Uchaguzi mpya, ushindi mkubwa kwa wanamageuzi. Malodi, yaani bunge la juu, wakaukataa mswada Oktoba 1831. Bristol ikawaka moto. Russell akawaandikia watu wa Birmingham kwamba haiwezekani mnong'ono wa kikundi kushinda sauti ya taifa. Mfalme akayumba, Wellington wa Tory akashindwa kuunda serikali, na Juni 1832 mswada ukawa sheria. Wakati wa uchaguzi huo Russell alikwenda kugombea Devon, na watu waliokuja kumwona shujaa wakastaajabu kuona kijitu. Kasisi Sydney Smith, mcheshi mkubwa wa zama hizo, akawaambia kwamba alikuwa mrefu sana, ila kuwahangaikia watu wa Devon ndiko kumempunguza.

Sasa tuitazame sheria yenyewe, maana hapa ndipo fundi alipotia funguo. Majimbo 56 yalifutwa na 30 yakapunguzwa mbunge. Miji mipya ikapata viti. Haki ya kura mjini ikapewa mwanamume mwenye makazi au jengo la thamani ya pauni 10 kwa mwaka. Kwa pauni 10 unampata mwenye duka, wakili mdogo, mwenye karakana. Mfanyakazi wa kiwandani humpati. Baada ya yote, kwa England na Wales ni kama mwanamume mmoja kati ya watano aliyeweza kupiga kura, na aliipiga hadharani, mwenye ardhi wake akimtazama. Vijijini, kifungu kilichochomekwa na wapinzani kiliwapa kura wakulima wapangaji, yaani watu ambao mwenye shamba angeweza kuwafukuza. Tavistock nayo? Kwa kipimo cha idadi ya watu ilipita kihalali, ikabaki na viti vyake viwili. Wapinzani walilisema hilo sana, na sioni kwa nini wasingelisema.

Hapa ndipo mwisho

Mwaka 1834, akiwa sasa waziri kamili, Russell alitamka bungeni kwamba mapato ya Kanisa la Anglikana huko Ireland yamezidi mahitaji yake na ziada ingeweza kutumika kwa mengine. Baraza la mawaziri halikuwa limekubaliana hivyo. Waziri mwenzake, Edward Stanley, akamwandikia jirani yake kikaratasi: Johnny kalipindua gari. Muda si mrefu Stanley akatoka serikalini, na hatimaye akatua kwa Tory. Tutakutana naye tena.

Kama Waziri wa Mambo ya Ndani tangu 1835, Russell alifanya kazi ambayo ingemtosha mtu mwingine maisha mazima. Halmashauri 178 za miji, nyingi zikiwa za kujichagua zenyewe kwa zenyewe, zilibadilishwa kuwa za kuchaguliwa na walipa ushuru. Makosa kadhaa yakaondolewa adhabu ya kifo. Vizazi, ndoa na vifo vikaanza kuandikishwa na serikali badala ya kanisa. Wafanyakazi wa shamba wa Tolpuddle, waliohamishiwa Australia kwa kosa la kula kiapo cha chama chao, wakasamehewa.

Halafu ikaja Novemba 1837. Malkia Victoria ana miezi mitano kwenye kiti, na bunge lake la kwanza limefunguliwa. Thomas Wakley, daktari na mbunge wa mrengo mkali, anataka kura ya siri na haki ya kura ipanuliwe. Russell anasimama kumjibu: sheria ya 1832 ilikusudiwa kuwa ya mwisho, wenye ardhi waliikubali kwa sharti hilo, na kuifungua upya ni kuvunja ahadi. Hoja ya Wakley ilipata kura 20 tu. Wanamageuzi wakambatiza Russell jina la Finality Jack, yaani Jack wa hapa-ndipo-mwisho, na likamganda.

Nadhani alikuwa mkweli siku ile. Mwungwana ametoa neno kwa waungwana wenzake. Kwamba mamilioni ya watu hawakuwa sehemu ya mapatano hayo halikumkaa kichwani. Mwaka 1839 Wachartisti, vuguvugu la wafanyakazi, walileta bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya milioni moja, wakidai kura kwa kila mwanamume. Bunge lilikataa hata kuwasikiliza. Bunge gani? Lile la pauni 10.

Viazi

Russell aliingia Uwaziri Mkuu mwishoni mwa Juni 1846, baada ya Robert Peel wa Tory kufuta ushuru wa nafaka na kukivunja chama chake mwenyewe. Serikali mpya haikuwa na wingi wa kura. Iliishi kwa hisani ya watu wa Peel. Na Ireland viazi vilikuwa vimeoza kwa mara ya pili.

Wengi wakiandika wasifu wake huiweka njaa hii kando, kama aya ya huzuni katikati ya orodha ya sheria. Kwangu ndiyo kiini. Serikali yake ilianza na kazi za umma: Machi 1847 zaidi ya watu 700,000 walikuwa wakivunja mawe na kuchimba barabara kwa ujira usiotosha chakula. Kisha ikaleta vituo vya supu, na kiangazi cha 1847 vikalisha hadi watu milioni tatu kwa siku. Ikathibitika kwamba dola ile, ikitaka, inaweza kulisha. Halafu vituo vikafungwa, na mzigo ukatupiwa ushuru wa maskini wa Ireland yenyewe. Mwenye zaidi ya robo ekari ya shamba alitakiwa aliachie kabla ya kupata msaada. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni wakahama.

Russell alijua. Novemba 1847, mauaji ya wenye ardhi yalipotokea, alimwandikia mwakilishi wa Malkia huko Dublin, Lord Clarendon, kwamba ni kweli wenye ardhi wa England wasingependa kupigwa risasi kama sungura na kwale, lakini hakuna mwenye ardhi England anayewafukuza watu 50 kwa mpigo na kuzichoma nyumba zao. Mauaji ni ya kutisha, alisema, na ufukuzaji nao vilevile. Ni maneno ya mtu anayeona vizuri. Mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa ametangaza mpango wa pauni milioni moja wa kufufua ardhi isiyolimwa na kuwagawia wakulima, ukafa. Mwaka uliofuata mswada wa kumlinda mpangaji dhidi ya mwenye shamba nao ukaishia kwenye kamati.

Nani aliuua? Tazama meza ya baraza lake. Palmerston, Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa na mashamba Sligo, na mwaka 1847 wapangaji wake kama 2,000 walisafirishwa Canada. Lansdowne alikuwa na ardhi Kerry. Clanricarde, aliyesimamia posta, alikuwa na ardhi Galway. Tazama na bunge: wenye ardhi kutoka vijijini, na wafanyabiashara wa miji ya pauni 10 walioamini kwamba soko lisiguswe na kodi isipandishwe. Bunge hilohilo mwaka 1833 lilikubali kutoa pauni milioni 20 kuwafidia waliokuwa wakimiliki watumwa. Kwa Ireland Hazina ilitoa kama milioni 8, sehemu kubwa kama mkopo. Aprili 1849 Clarendon, mtu wa serikali hiyohiyo, alimwandikia Russell kwamba haamini kuna bunge jingine Ulaya lingeyapuuza mateso kama hayo.

Simtoi Russell hatiani. Waziri Mkuu anaweza kujiuzulu, na kwa jambo dogo kuliko hili yeye mwenyewe aliwahi kutishia kujiuzulu mara nyingi kiasi kwamba wenzake walizoea. Kwa Ireland hakufanya hivyo.

Mlango uleule

Kuanzia 1852 Jack wa hapa-ndipo-mwisho alianza kugonga mlango alioufunga. Mswada wa kwanza ulikufa pamoja na serikali yake. Wa pili, 1854, ulikutana na vita vya Crimea. Tarehe 11 Aprili alisimama kuuondoa, akalia machozi mbele ya bunge. Wa tatu, 1860, Palmerston akiwa sasa Waziri Mkuu, uliondolewa kimyakimya kwa kuwa hakuna aliyeutaka, Palmerston akiwa wa kwanza.

Wakati huo Russell alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na msomaji wa Pwani ana sababu ya kulijua jina lake hapo. Ni katika miaka yake ambapo Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, aliamua mwaka 1861 kwamba Zanzibar ya Seyyid Majid itengane na Muscat, kwa malipo ya riale 40,000 kila mwaka. Na ni chini yake kwamba Uingereza na Ufaransa zilitia saini mjini Paris, Machi 1862, tamko la kuheshimu uhuru wa masultani wote wawili. Faili la Zanzibar lilipita mezani kwake kama mafaili mengine.

Palmerston alikufa Oktoba 1865. Russell, sasa akiwa Earl na akikaa bunge la juu tangu 1861, akawa Waziri Mkuu kwa mara ya pili na kuileta hoja yake upya. Mswada wa 1866 ulikuwa wa adabu: pauni 7 mjini badala ya 10, pauni 14 vijijini, wapiga kura wapya kama 400,000. Gladstone, waziri wake wa fedha, aliusimamia bunge la chini. Na ndipo Whig wenyewe wakaasi. Robert Lowe alisema wazi kwamba ukitafuta ujinga, ulevi na watu wa kununuliwa, utawatafuta kwa matajiri au kwa walio chini? John Bright, mbunge wa mageuzi, akawafananisha waasi hao na watu waliokimbilia kwa Daudi katika pango la Adulamu, kila aliye na dhiki na kila aliye na uchungu moyoni. Jina likawakaa.

Russell alifanya makosa ya kawaida ya siasa: hakumpa Lowe cheo cha kumnyamazisha, na aliwasumbua wabunge waliotoka kwenye uchaguzi wa Julai 1865, uchaguzi wa kutoboa mifuko, ambao hawakutaka mwingine. Lakini kosa kubwa lilikuwa la zamani. Aliwaomba watu waliofaidi mstari wa pauni 10 waufute, na miaka mingi kabla yeye mwenyewe aliwafundisha kwamba kuufuta ni kuvunja ahadi. Lowe hakuhitaji kubuni hoja. Na Dunkellin, aliyepiga nyundo ya mwisho, alikuwa mtoto mkubwa wa Clanricarde yuleyule wa meza ya 1847.

Aliyechukua serikali ni Edward Stanley wa kile kikaratasi, sasa Earl wa Derby. Yeye na Disraeli, kiongozi wa Tory katika bunge la chini, hawakuwa na ahadi ya kulinda, wala chama kilichoujenga ule mstari. Walikuwa na njaa ya ushindi ya miaka 20. Uzio wa Hyde Park, bustani ya London, uliangushwa na waandamanaji waliodai kura Julai 1866, na mwaka 1867 Disraeli akaleta mswada wake, akakubali marekebisho moja baada ya jingine, hadi kila mwanamume mwenye nyumba au mpangaji wa nyumba mjini, alipaye ushuru, akapata kura. Idadi ya wapiga kura wa England na Wales ikaruka kutoka kama milioni moja hadi kama milioni mbili. Malodi walinyamaza kwa kuwa aliyewaongoza ni Derby, mtu wao.

Mwishoni mwa 1867 Russell aliachia uongozi wa chama, akabaki Pembroke Lodge, nyumba aliyopewa na Malkia ndani ya Richmond Park, hadi kifo chake Mei 1878.

Mabadiliko ya 1867 yaligusa pia mgawanyo wa viti, na safari hii Tavistock haikusalimika. Kiti kimoja kiliondolewa. Kile kilichobaki alikikalia Arthur Russell, mtoto wa kaka yake Lord John, mpaka jimbo lenyewe lilipofutwa mwaka 1885.